Kivuli Kisichohama: Mwongozo Kamili wa Kasoro za Mapafu za Kuzaliwa Nazo Zinazogunduliwa Uzeeni

Shangazi yangu alikuwa na miaka 66 siku alipoambiwa kwamba chanzo cha kikohozi kilichomsumbua tangu usichana wake alizaliwa nacho. Alicheka mpaka akakohoa. "Nimezaa sita, nimelima, nimebeba maji kichwani miaka yote hii, leo ndiyo mnaniambia nilizaliwa na hitilafu?" Kabla ya hapo alishatibiwa kifua kikuu mara mbili, na nimonia mara ambazo hakuna aliyezihesabu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya kifua. Picha zake za zamani zilikuwa kwenye kabati langu mwenyewe, ndani ya bahasha ya kaki, na sikuwahi hata siku moja kuzipanga zote dirishani nikazitazama.

Ningezipanga, ningeona kwamba kivuli kilikuwa palepale miaka yote: chini, nyuma, upande wa kushoto.

Mwongozo huu ni wa mzee mwenye kivuli cha namna hiyo, na zaidi ni wa mtoto au mpwa anayemsindikiza kliniki. Vipimo na dawa ataamua daktari anayemwona mgonjwa. Kazi yenu ni kufika kwake na karatasi zilizopangwa na maswali yanayostahili kuulizwa.

Mtu huzaliwa na nini hasa?

Mapafu huanza kuchipua katika wiki ya 4 ya ujauzito, yakitoka kwenye mrija uleule unaotengeneza umio. Chipukizi hujigawa, likajigawa tena, mpaka njia za hewa zikatimia. Likipotea njia, mtoto huzaliwa na kipande ambacho si pafu kamili wala si uvimbe wa saratani. Siku hizi wengi huonekana wangali tumboni, kwa ultrasaundi. Wazee wetu walizaliwa kabla kipimo hicho hakijafika kwao, ndiyo maana tunakutana na kasoro zao leo.

Nitakaa zaidi kwenye aina moja, sekwestresheni, yaani kipande cha pafu kilichojitenga. Jina hilo lilianza kutumika kupitia maandishi ya daktari D. M. Pryce wa London mwaka 1946. Kipande hiki hakijaungana na njia za hewa kama inavyotakiwa, na, hili ndilo la kushika, damu yake haitoki kwenye mshipa wa mapafu. Kina mshipa wake kivyake unaochomoka kwenye aota, bomba kuu la damu la mwili. Mara nyingi unachomoka kifuani, lakini wakati mwingine huanzia tumboni na kupanda kupitia kwenye kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Damu ya kawaida ya mapafu hutembea kwa shinikizo dogo. Damu ya aota ina presha ileile unayopimwa mkononi, mathalani 140 kwa 85. Ndiyo maana kipande hiki kikianza kutoa damu, huwa si mchezo.

Takriban robo tatu ya sekwestresheni ziko ndani ya pafu lenyewe, zimefunikwa na utando uleule mmoja, na hizi ndizo zinazoweza kujificha hadi utu uzima. Zilizobaki zina utando wake wa nje na aghalabu hugunduliwa utotoni. Makao yake ya kawaida ni sehemu ya chini kwa nyuma, kushoto kuliko kulia.

Inawezekanaje kuishi miaka 60 bila kujua? Hewa hupenya kwenye kipande hicho kupitia vitundu vidogo vya pafu jirani, lakini ute ukishajaa hauna mlango wa kutokea. Ukituama, vijidudu huweka makazi. Mtu anaumwa nimonia, anapewa antibayotiki, anapona, mwaka mmoja au mitano baadaye inarudi. Wengine hawaumwi kabisa, na kasoro huonekana kwa bahati mtu akipigwa eksirei kwa ajili ya viza au mbavu iliyovunjika.

Kuna kasoro nyingine mtakazozikuta kwenye ripoti. CPAM, ambayo zamani iliandikwa CCAM, ni vifuko vya hewa visivyo na mpangilio ndani ya pafu. Kifuko cha maji kilichotokana na njia ya hewa hukaa zaidi katikati ya kifua, karibu na koo la pumzi, na kikikua hubana vilivyo jirani. Njia ya hewa iliyozaliwa imeziba huacha donge la ute lenye pafu lililojaa hewa kuzunguka, na kwa mtu mzima asiye na dalili mara nyingi huachwa kama lilivyo. Mwisho ni mishipa ya pafu iliyoungana ovyo, ateri na vena bila chujio katikati. Hiyo inaweza kupitisha damu iliyoganda au vijidudu hadi kwenye ubongo, na hutibiwa zaidi kwa kuzibwa kwa vikoili, vijiwaya vilivyojikunja, vinavyopitishwa ndani ya mishipa, si kwa kisu. Mwenye hiyo aulizwe pia kama katika ukoo kuna watu wanaotokwa na damu puani mara kwa mara, maana huwa inarithiwa.

Hatua ya 1: Panga bahasha

Hii haina gharama, na ndiyo niliyoshindwa mimi. Toa picha zote za kifua, kuanzia ya zamani kabisa. Ziweke kwa tarehe. Kwenye karatasi moja andika kila tukio: mwezi na mwaka, dalili, hospitali ilisema nini, dawa gani ilitolewa, alipona baada ya muda gani. Kama filamu zimepotea, fuateni japo ripoti zilizoandikwa. Kama picha ni ya CT, yaani ile ya kompyuta inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, ombeni CD yenyewe. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye filamu humsaidia mtu kukumbuka tu, daktari wa upasuaji hawezi kuitegemea.

Kisha tazama mahali. Nimonia ya kawaida huja na kuondoka, na ikirudi si lazima ichague chumba kilekile. Kivuli kinachorudi mahali palepale, au kisichoisha kabisa hata mgonjwa anapojisikia mzima, kinadai maelezo.

Mambo ya kumwambia daktari hata asipouliza: kukohoa damu, hata kidogo cha kutia doa kwenye leso, makohozi mengi yenye harufu, maumivu ya upande mmoja, "nimonia" zaidi ya mbili upande uleule, na kama mgonjwa alikuwa mtoto wa kukohoakohoa. Hili la mwisho waulizeni wakubwa zake waliobaki. Kwa shangazi aliyekumbuka ni kaka yake wa miaka 74: "Huyu tangu mdogo akikimbia anashika ubavu."

Hatua ya 2: Kifua kikuu na saratani zipatiwe jibu

Kwetu kikohozi kirefu huanza kushukiwa kuwa kifua kikuu, na si kosa. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zilikuwamo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Swali la kuuliza ni hili: kilithibitishwa maabara, kwa GeneXpert au kwa kuotesha makohozi, au kilihukumiwa kwa picha peke yake? Shangazi mara zote mbili alianzishiwa dawa kwa picha. Hospitali siitaji, na sidhani walikuwa na nia mbaya. Mgonjwa anakohoa, picha ina doa, na foleni iko mlangoni.

Kifua kikuu cha watu wazima hupenda sehemu za juu za mapafu. Lakini usiifanye kuwa sheria, maana kwa wazee na wenye kisukari kinaweza kukaa chini. Na hata majibu yakiwa chanya, swali halijafungwa. Ndani ya pafu lililojitenga mnaweza kukuta kifua kikuu cha kweli, au ukungu wa aspagilasi, vimelea vilivyopata pango. Kwa hiyo aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu asiziache kwa sababu amesoma mwongozo huu. Amalize, na uchunguzi uendelee sambamba.

Saratani nayo lazima itafutwe. Kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, hasa aliyevuta sigara, donge kwenye pafu halipewi jina la upole mpaka limechunguzwa. Hapa kuna mtego mmoja: kipimo cha damu kiitwacho CA 19-9, alama inayohusishwa na saratani ya kongosho na nyinginezo, kinaweza kupanda kwa sababu ya sekwestresheni tu. Nimeona familia ikianza kugawana mashamba kwa sababu ya namba moja kwenye karatasi.

Hatua ya 3: CT moja, ipigwe sawasawa

Eksirei haitoshi. Na CT isiyo na dawa ya kung'arisha mishipa inaweza kuonyesha donge na vifuko lakini ikauficha mshipa, nao mshipa ndio utambuzi wenyewe. Mwombeni daktari aandike kwenye fomu mambo matatu: CT ya kifua yenye dawa ya mishipa, ipigwe wakati ateri zimejaa dawa; ishuke chini ya kiwambo hadi sehemu ya juu ya tumbo, kwa sababu mshipa unaweza kuanzia huko; na swali mahususi, "Je, kuna mshipa unaotoka aota kwenda kwenye pafu?" Mtaalamu wa picha aliyeulizwa swali hilo huangalia tofauti na aliyeandikiwa "kikohozi".

Kabla ya kipimo, pimeni kreatinini ili kujua hali ya figo. Anayetumia metformini kwa kisukari aseme mapema, maana kama figo zimechoka huweza kuambiwa aisimamishe kwa muda. Aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi baada ya dawa ya aina hiyo atangaze hilo kwa sauti, si kwa kuitikia kichwa. Kama figo haziruhusu, MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, inaweza kuuonyesha mshipa.

Ripoti ikija, someni kama imejibu mambo haya: mshipa mmoja au zaidi, unatoka wapi, una upana gani, umetanuka au una chokaa, na damu inarudi kwa njia ipi. Kukuta mishipa miwili si ajabu. Daktari wa upasuaji akijua ule mmoja tu, wa pili utamkuta hana habari nao.

Hatua ya 4: Sindano isubiri

Hapa nasema kwa mkazo. Kama kuna dalili yoyote kwamba donge linalishwa na aota, kulichoma sindano kupitia ubavuni, au kulikata kwa bronkoskopia, mrija wenye kamera unaopitishwa kwenye njia za hewa, ili kupima nyama, kunaweza kusababisha damu nyingi isiyokatika kirahisi. Bronkoskopia ya kuangalia tu na kuchukua ute ni jambo jingine. Inasaidia kuona kama kuna kizibo, na kupata makohozi ya maabara. Basi mkiandikiwa biopsi, ulizeni kwa heshima: "Daktari, mshipa wa aota umeshatafutwa kwenye CT?" Hakuna daktari mzuri atakayeudhika.

Damu ikitoka nyingi nyumbani, zaidi ya vijiko vichache au mfululizo, msingoje asubuhi. Mlazeni kwa ubavu wa upande wenye ugonjwa, ili damu isimwagikie pafu zima, na mkimbilie hospitali.

Hatua ya 5: Kupasua au kuacha

Watoto na vijana hushauriwa kirahisi zaidi kutolewa kipande hiki. Kwa mzee hesabu ni nyingine. Upande mmoja kuna hatari ya kukiacha: maambukizi yanayorudi, jipu, damu, mzigo kwa moyo kama mshipa ni mpana, na kwa baadhi ya kasoro, hasa CPAM, uwezekano mdogo wa saratani kuota humo. Upande wa pili kuna kifua kufunguliwa kwenye mwili wenye presha, sukari na miaka.

Msimamo wangu, kwa niliyoyaona wodini: mzee anayekohoa damu, au anayelazwa kila mara, na ambaye moyo na mapafu yake yanaruhusu, apasuliwe, tena apasuliwe wakati hana maambukizi makali. Mwenye miaka 79 ambaye kasoro yake ilionekana kwa bahati, haimsumbui na haina sura ya kutia shaka, ana haki ya kufuatiliwa kwa picha bila kuguswa. Umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu upasuaji.

Kuna njia ya katikati. Mshipa unaweza kuzibwa kutoka ndani, kwa waya unaopitishwa kwenye mshipa wa paja. Kwa asiyeweza kupasuliwa, hilo hupunguza au kukomesha damu. Udhaifu wake ni kwamba kipande chenye usaha kinabaki kifuani, na kinaweza kuendelea kuleta homa na maumivu.

Upasuaji wa kifua ni kazi ya hospitali kubwa za rufaa. Tanzania mtaelekezwa aghalabu Muhimbili au taasisi za kiwango hicho. Kenya kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na Tenwek kule Bomet inajulikana kwa upasuaji wa moyo na kifua. Wengi pia hupelekwa India. Popote mtakapokwenda ulizeni mambo matatu: umewahi kutoa sekwestresheni kwa mtu mzima, kuna daktari wa mishipa jengo hilohilo, kuna kitanda cha uangalizi maalumu kilichohakikishwa? Jibu la kwanza likiwa "mara chache", msishtuke, ugonjwa wenyewe ni nadra. La pili na la tatu yasiwe na mashaka.

Hatua ya 6: Je, pafu litakalobaki litatosha?

Mgonjwa atapuliza kwenye mashine ya spiromita. Namba inayotazamwa sana ni FEV1, hewa anayoweza kuitoa kwa nguvu katika sekunde 1. Kuna hesabu rahisi ambayo hata ninyi mnaweza kuifanya. Mapafu yote mawili huhesabiwa kuwa na vipande 19, na lobu ya chini kushoto, yaani ile sehemu kubwa ya chini, ina 4. Mzee mwenye FEV1 ya lita 2.0 akitolewa lobu hiyo, zidisha 2.0 kwa 15, gawa kwa 19: atabaki na lita 1.58 hivi. Kiasi hicho hulinganishwa na kinachotarajiwa kwa mtu wa umri, kimo na jinsia yake. Kikizidi asilimia 60, na uwezo wa mapafu kupitisha oksijeni kwenye damu nao ukizidi hapo, hatari ni ndogo. Kati ya 30 na 60 huombwa kipimo cha kutembea au cha kupanda ngazi, na anayefikia kimo cha mita 22 bila kusimama hupita. Chini ya 30 ni lazima kipimo cha mazoezi kwenye mashine kabla ya uamuzi wowote.

Kwa sekwestresheni hesabu hiyo huwa kali kuliko hali halisi, kwa sababu kipande kinachotolewa kilikuwa hakifanyi kazi tangu mwanzo. Shangazi alipomaliza kupona alipanda kilima cha kanisani akiwa na pumzi nzuri kuliko miaka 10 iliyopita.

Moyo upimwe kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na ultrasaundi ya moyo. Sukari na presha zidhibitiwe kabla, si baada.

Hatua ya 7: Wiki za kujiandaa

Sigara, ugoro na kiko viachwe wiki 4 au zaidi kabla. Moshi wa kuni nao usisahaulike. Bibi anayepika kwa mafiga matatu jikoni kusiko na dirisha anavuta moshi mwingi, apishwe jikoni.

Maambukizi yatibiwe yaishe. Meno mabovu yang'olewe au yatibiwe. Ale vizuri: mayai, maharage, dagaa, maziwa, uji wenye karanga. Mzee aliyekonda hupona kwa shida. Atembee kila siku mpaka pumzi ziongezeke kidogo, dakika 20 hadi 30, na afundishwe mapema kile kifaa cha kuvuta pumzi kinachoinua vigololi. Kukifundisha baada ya upasuaji, mtu akiwa na maumivu, ni kupoteza nusu ya faida yake.

Orodha ya dawa zote iandikwe. Warfarini husimamishwa takriban siku 5 kabla, klopidogreli siku 5 hadi 7, kwa maelekezo ya daktari tu. Mwenye springi kwenye mishipa ya moyo asiache chochote kabla ya kumwona daktari wake wa moyo. Dawa za asili zitajwe bila aibu. Vidonge vya kitunguu saumu na tangawizi vinaweza kuongeza kutoka damu, na daktari wa usingizi anahitaji kujua kuliko kukisia.

Damu: mshipa wa aota haubahatishwi. Ndugu wachangie benki ya damu mapema, na chupa zilizolinganishwa ziwepo siku ya upasuaji. Bima, iwe NHIF kwa Tanzania au SHA kwa Kenya, iombwe kibali kwa maandishi. Ombeni makadirio yanayotaja siku za uangalizi maalumu, pini za mashine ya kukata na kufunga pafu, na kipimo cha nyama. Hivyo vitatu ndivyo vinavyowashtua watu kwenye bili.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Mgonjwa hulazwa usingizi, wengi tunasema nusu kaputi japo usingizi huu ni mzima, na kuwekewa mrija wenye njia mbili kooni ili pafu moja lipumzike huku jingine likipumua. Hulazwa kwa ubavu. Zamani kifua kilifunguliwa kwa mkato mrefu chini ya bega kwenda mgongoni. Sasa, penye vifaa, hutumika matundu machache na kamera. Kwa kipande kilichougua miaka 40, pafu huwa limegandamana na ukuta wa kifua na kiwambo, na daktari anaweza kulazimika kuacha kamera na kufungua. Huko ni kuchagua usalama, msikuhesabu kuwa kushindwa.

Kazi ya kwanza ni mshipa. Hutafutwa chini, kwenye utando unaolishikilia pafu karibu na kiwambo, ukafungwa kabla ya kitu kingine chochote. Ukikatwa bila kujulikana, hurudi nyuma na kuzama chini ya kiwambo ukiendelea kumwaga damu kwa presha ya aota. Kwa wazee kuna ugumu wa ziada: mshipa uliofanya kazi miaka 60 unaweza kuwa mpana, wenye mafuta na chokaa ukutani, hata umetuna, na pini zikiubana unaweza kuchanika. Kwa hiyo baadhi ya timu huuziba kwanza kutoka ndani, au huweka bomba la kitambaa na waya ndani ya aota kufunika mdomo wake, kisha ndipo hupasua. Kama ripoti ya CT ilitaja chokaa au kutanuka, hili ni swali la kuuliza kabla ya kusaini fomu.

Baada ya hapo hutolewa lobu nzima, au kipande tu kama mpaka wake na pafu zima unaonekana. Ile yenye utando wake hutolewa peke yake, pafu likabaki.

Hatua ya 9: Siku za mwanzo

Mgonjwa atatoka na mrija kifuani unaoingia kwenye chupa ya maji. Chupa ikae chini ya kifua daima. Isiinuliwe juu ya kitanda hata kwa sekunde za kupisha fagio. Mapovu yakiwapo, hewa bado inavuja, na mrija hautolewi. Msiubane wala kuukunja "ili usivute". Ukichomoka, zibeni tundu kwa kitambaa safi huku mkiita.

Maumivu yasivumiliwe kishujaa. Mzee asiyekohoa kwa sababu ya maumivu hujaza ute na kupata nimonia. Akumbatie mto ubavuni, akohoe. Akae kitini siku ya kwanza, atembee hatua chache na chupa yake mkononi. Ndugu wanaomwambia "pumzika tu, mama, usijisumbue" wanamponza, ingawa wanampenda.

Siku ya 2 au ya 3 mapigo ya moyo yanaweza kuanza kwenda ovyo. Kwa wazee waliotolewa lobu si jambo geni, na mara nyingi hutulia kwa dawa. Usiku mzee anaweza kuchanganyikiwa, akaita watu waliokwisha kufa, akataka kwenda kuchunga. Si kurogwa, na si wazimu. Mpeni miwani yake, mwashieni taa mchana, akae naye mtu anayemjua, aitwe kwa jina lake, na wauguzi waambiwe, kwa sababu huenda kuna maambukizi au dawa iliyomzidi nguvu. Shangazi alikesha akidai nimemficha kuku wake.

Waliofanyiwa kwa kamera wengi huondoka ndani ya siku 3 hadi 5 mambo yakienda vizuri. Waliofunguliwa huchukua wiki au zaidi.

Hatua ya 10: Nyumbani

Asinyanyue ndoo wala jembe kwa wiki 6 hadi 8. Ganzi na kuungua chini ya titi au ubavuni hudumu miezi kwa wengine. Kuna dawa zake, aseme. Arudishwe haraka akipata homa, kidonda kikitoa usaha, pumzi zikikatika ghafla, mguu mmoja ukivimba, au akikohoa damu au maji mengi ya kutu, hasa akilala upande mmoja.

Waliotibiwa nje ya nchi wasikate tiketi ya kurudi kabla daktari hajaona eksirei na kusema pafu limetanuka na hakuna hewa iliyonaswa kifuani, maana hewa hiyo hutanuka ndege ikipaa. Wekeni akiba ya wiki kadhaa kwenye bajeti ya malazi.

Majibu ya nyama iliyotolewa yafuateni wenyewe. Hayaji nyumbani. Ndiyo yatakayothibitisha jina la kasoro, na kusema kama ndani mlikuwa na kifua kikuu, ukungu au chembe za saratani. Ya shangazi yalikaa kwenye droo ya maabara wiki 7 mpaka nilipokwenda kuyadai. Yalisema sekwestresheni ya ndani ya pafu, uvimbe sugu, hakuna kifua kikuu, hakuna saratani.

Baada ya miezi 3 hivi pigeni eksirei ya msingi mpya, ili kila daktari atakayefuata ajue kwamba kiwambo kilichopanda na pafu lililojipanga upya ni alama za upasuaji, asianze tena dawa za kifua kikuu. Iandikeni kwa kalamu nene: tarehe, lobu iliyotolewa, hospitali. Ya shangazi iko kwenye bahasha ileile ya kaki, juu ya zile saba za zamani. Bahasha sasa anaitunza mwenyewe, chini ya godoro.